Joubert Park: Bustani na Haki ya Kuketi

Januari 1962 Nelson Mandela alitua Mbeya kwa ndege ndogo akitokea Bechuanaland. Hakuwa na pasipoti, na polisi wa kwao walikuwa wakimtafuta. Tanganyika ilikuwa na Uhuru wa mwezi mmoja tu. Katika hoteli aliyofikia akakuta watu weusi na weupe wameketi barazani, wanazungumza kwa adabu, na hakuna aliyeinuka kumwondoa mwenzake. Mandela alikuwa na umri wa miaka 43. Alikuwa wakili na kiongozi wa chama, mtu mzima mwenye watoto, aliyeishi Johannesburg tangu ujanani. Lakini, kama alivyokuja kusimulia katika kitabu cha maisha yake, hadi siku hiyo ya Mbeya hakuwa amepata kufika mahali pa umma pasipo na ubaguzi wa rangi.

Si kwamba Johannesburg ilikosa mahali pa kuketi. Mji ule una bustani nyingi na miti mingi kuliko miji yetu karibu yote. Bustani yake kongwe ni Joubert Park, yapata hekta sita za nyasi, vivuli na njia za kutembea, ng'ambo tu ya reli, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu inayoitwa Park Station. Anayeshuka basi la Harare au la Lusaka na kuelekea mtaa wa Hillbrow hupita kando yake. Waafrika Mashariki wengi wameipita wakiwa na mabegi mkononi, hawajui ni mahali gani. Nataka kuisimulia habari yake kwa sababu naamini historia ya bustani yoyote ni historia ya nani aliruhusiwa kuketi humo, na Joubert Park inalionyesha hilo waziwazi kuliko bustani yoyote ninayoijua.

Dhahabu ya Witwatersrand ilionekana mwaka 1886, na Septemba mwaka huohuo eneo likatangazwa kuwa machimbo ya umma. Palikuwa nyika tupu iliyoinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, pasipo mto wa maana wala bandari ya karibu. Watu walilala kwenye mahema, mikokoteni na vibanda vya mabati. Wengi walidhani dhahabu itakwisha baada ya miaka michache na kila mtu atarudi kwao. Hata hivyo, mwaka 1887, mji ukiwa bado na vumbi la kuzaliwa, ardhi ikaombwa kutoka serikali ya Jamhuri ya Makaburu huko Pretoria ili itengwe kwa ajili ya bustani. Ombi hilo lanigusa. Watu waliokuja kuchimba na kuondoka walikuwa tayari wanataka mahali pa kupunga upepo jioni, na anayetaka hivyo amekwisha kukubali moyoni kwamba atakaa.

Bustani ikapewa jina la Jenerali Piet Joubert, amiri jeshi wa jamhuri ile, aliyewashinda Waingereza katika mlima wa Majuba tarehe 27 Februari 1881 na aliyegombea urais dhidi ya Paul Kruger zaidi ya mara moja bila kuupata. Alifariki Machi 1900, katikati ya vita vya pili na Waingereza, na miezi miwili baadaye, tarehe 31 Mei, Johannesburg ikaangukia mikononi mwa jeshi la Lord Roberts. Jina la kamanda wa Makaburu halikufutwa, ila bustani yenyewe ikazidi kufanana na za Uingereza.

Mfano wenyewe ulitoka mbali. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, moshi na msongamano ulipowazidi watu katikati ya karne ya 19, halmashauri na matajiri walianza kutenga ardhi ili mfanyakazi apate hewa safi na asiishie kwenye ulevi siku ya Jumapili. Derby ilipata bustani yake mwaka 1840. Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ikafungua yake mwaka 1847 kwa fedha za umma, na wengine wakaja kuiga. Hata miji midogo ya soko, iliyozungukwa na mashamba na vijia vya kutembea, ikataka bustani yenye jukwaa la bendi, chemchemi, vitalu vya maua na njia zilizopinda makusudi ili mtu asifike upesi. Waingereza walipotawala nchi za watu, walibeba na hilo. Joubert Park ikapata nyasi zilizokatwa, chemchemi na, mwaka 1906, nyumba ya vioo ya kutunzia mimea isiyovumilia baridi ya kule juu. Mwaka huohuo wa 1906, Nairobi, mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi aliyepata mali kwa kandarasi za reli ya Uganda, aliukabidhi mji bustani yenye sanamu ya Malkia Victoria. Kwa umbo bustani hizi mbili ni ndugu, na zote mbili zilipandwa katika nchi ambamo mwenye nchi hakuhesabiwa kuwa mgeni wa bustani.

Kabla hatujafika kwenye mabenchi, tuanze na kutembea kwenyewe. Katika Johannesburg ya mwanzoni mwa karne ya 20, kanuni za mji ziliwakataza Waafrika na Wahindi kupita kwenye njia za waenda kwa miguu kandokando ya barabara. Mtu mweusi alitakiwa ashuke atembee barabarani pamoja na farasi na mikokoteni. Mohandas Gandhi, aliyekuwa na ofisi ya uwakili mjini humo kuanzia mwaka 1903, alikuwa amewahi kupigwa teke na askari huko Pretoria kwa sababu ya kupita kwenye njia ya pembeni mbele ya nyumba ya Kruger. Baadaye, kwenye shamba la Tolstoy alilolianzisha pamoja na rafiki yake Hermann Kallenbach mwaka 1910, kilomita zaidi ya 30 kutoka mjini, waliweka kanuni kwamba anayekwenda Johannesburg kwa shughuli zake binafsi aende kwa miguu. Walianza safari usiku na kufika asubuhi. Dola ilikuwa imewanyima njia ya pembeni, nao wakageuza mwendo kuwa mazoezi ya nafsi na ya mwili kwa ajili ya mapambano.

Hesabu ya watu ya mwaka 1896 ilionyesha kwamba mji wa miaka kumi tu ulikuwa umekwisha kupita wakazi 100,000, na karibu nusu yao walikuwa Waafrika. Hao ndio waliochimba. Walilala kwenye kambi za migodi, walitembea na kipande mfukoni, na usiku ulipoingia walitakiwa wawe na kibali hata cha kuwa barabarani. Walitoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland, na baadaye hata kwetu: vijana wa Rungwe na sehemu nyingine za nyanda za juu kusini mwa Tanganyika walichukuliwa na wakala wa migodi aliyejulikana kama WENELA, mpaka serikali ya Uhuru ilipoukatisha mkondo huo. Wazee wa Tukuyu waliorudi na baiskeli, makoti na masanduku ya bati walikuwa wameichimba dhahabu iliyoutajirisha mji wenye chemchemi ya Joubert Park. Sidhani kama yupo aliyeketi kando yake.

Dhahabu hiyohiyo ilijenga jumba lililoko upande wa kusini wa bustani. Florence Phillips alikuwa mke wa Lionel Phillips, mmoja wa mabwana wakubwa wa migodi, ambaye mwaka 1896 alihukumiwa kifo na serikali ya Kruger kwa kushiriki njama ya Jameson ya kuiangusha serikali hiyo, kisha akasamehewa kwa faini ya pauni 25,000. Bibi Florence aliona aibu kwamba mji wenye fedha nyingi namna ile hauna hata picha moja ya maana. Inasimuliwa kwamba aliuza pete yake ya almasi ya buluu ili anunue za kwanza. Akamshirikisha Hugh Lane, mjuzi wa sanaa kutoka Ireland, akawabana matajiri wenzake wachange, na mwaka 1910 mkusanyo ukaonyeshwa. Msanifu Edwin Lutyens akaja Johannesburg, akachora jumba la mawe lenye nguzo, na mwaka 1915 milango ikafunguliwa jengo likiwa halijakamilika, kimya kimya, maana dunia ilikuwa vitani. Lane mwenyewe alikuwa amezama Mei mwaka huo pamoja na meli ya Lusitania.

Lutyens alikusudia reli ifunikwe, ili uwanja na bustani viendelee kusini mbele ya jumba lake. Reli haikufunikwa. Matokeo yake, mlango mkuu wa jumba la sanaa unatazama bonde la reli na umeipa bustani mgongo. Wasanifu wengi wameuzungumzia mgongo huo kama kosa la michoro. Mimi naona uliusema ukweli wa mji mapema: sanaa ilijengwa bustanini bila kuwafikiria waliokuwa bustanini.

Mwaka 1940 jumba hilo lilinunua mchoro wa Gerard Sekoto unaoonyesha nyumba za rangi ya manjano katika mtaa wa Sophiatown. Ilikuwa kazi ya kwanza ya msanii mweusi kuingia katika mkusanyo wake, na ilipita miaka mingi kabla ya nyingine kufuata. Picha ikapata ukuta. Mchoraji, kama angetoka humo akatafuta benchi la kupumzikia chini ya miti, asingelipata. Sekoto aliondoka kwenda Paris mwaka 1947 na hakurudi kuishi kwao tena. Alifia Ufaransa mwaka 1993.

Ubaguzi wa bustani ulikuwa wa desturi na wa kanuni za halmashauri muda mrefu kabla ya kuwa sheria ya nchi nzima. Sheria yenyewe ilizaliwa kutokana na chumba cha kusubiria treni. Mwafrika mmoja, Lusu, aliingia katika chumba cha Wazungu stesheni ya Cape Town na kukataa kutoka. Mwaka 1953 mahakama ya rufani ikamwachia huru kwa hoja kwamba huwezi kuwatenga watu ukawapa wengine kilicho duni kupindukia. Bunge la Makaburu halikukata tamaa. Mwaka huohuo likapitisha sheria namba 49, iliyotamka kwamba mahali pa umma panaweza kutengwa kwa rangi na kwamba si lazima sehemu hizo zilingane. Sijui sheria nyingine iliyokiri dhuluma yake waziwazi namna hiyo katika vifungu vyake yenyewe.

Kuanzia hapo mbao za maandishi zikaongezeka: bustani, fukwe, maktaba, vyoo, vituo vya basi, na benchi moja moja. Yaya mweusi aliweza kuingia bustanini akisukuma kigari cha mtoto wa Kizungu, kwa sababu yupo kazini. Mtoto akiwapo, yaya ana ruhusa. Mtoto asipokuwapo, mwanamke yuleyule, mwenye gauni lilelile, ni mhalifu. Mitaa ya jirani, Joubert Park na Hillbrow, ilikuwa imejaa maghorofa ya wapangaji Wazungu, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Kwenye Mtaa wa Wolmarans, kaskazini ya bustani, Wayahudi walikuwa wamejenga sinagogi kuu lenye kuba kubwa tangu mwaka 1914. Wafanyakazi wao weusi walilala kwenye vyumba vidogo juu ya mapaa ya maghorofa hayo. Kutoka huko juu waliiona bustani yote.

Lazima nitaje ziwa moja hapa, maana linaonyesha kwamba haya hayakuwa majaaliwa. Kaskazini mwa mji, ardhi ya Hermann Eckstein Park, yenye bustani ya wanyama na ziwa liitwalo Zoo Lake, ilitolewa kwa mji mwanzoni mwa karne na kampuni ya migodi kwa hati iliyosema itumike na watu wote. Kwa sababu ya maneno hayo ya hati, hata katika miaka ya ukali, nyasi za Zoo Lake hazikufungwa kwa watu weusi kama zilivyofungwa nyingine. Anayetoa ardhi kwa umma na aandike vizuri.

Desemba 1956, mwendo mfupi kusini mashariki ya bustani, serikali iliwafikisha watu 156 katika jengo la kijeshi la Drill Hall kusikiliza mashtaka ya uhaini. Mandela alikuwamo, pamoja na Albert Luthuli, Oliver Tambo, Walter Sisulu, Lilian Ngoyi na wengine wa kila rangi. Walikuwa wengi kuliko nafasi ya mahakama yoyote ya kawaida. Wakajengewa kizimba cha waya ndani ya ukumbi, mawakili wakatishia kugoma, kizimba kikaondolewa. Nje umati uliimba barabarani, na polisi wakaufyatulia risasi, watu wakajeruhiwa. Kesi iliendelea hadi Machi 1961, na wa mwisho wao wakaachiwa huru. Kwa miezi ile ya mwanzo mji ulishuhudia jambo ambalo bustani ya jirani ilikuwa imelikataa: weusi, Wahindi na Wazungu walikaa safu moja, kwa mpangilio wa alfabeti. Serikali ndiyo iliyowaweka hivyo, ikidhani inawaadhibu.

Kufunguka kulianza polepole. Mwaka 1974 halmashauri ya Johannesburg ilifungua maktaba kuu kwa watu wote na kuanza kuondoa baadhi ya mbao za ubaguzi bustanini. Mwaka uliofuata mpiga picha David Goldblatt alitembea katika bustani za mji, Joubert Park mojawapo, akipiga picha za karibu za watu waliopumzika: mikono juu ya mapaja, viatu kwenye nyasi, mikunjo ya sketi, shingo iliyolala benchini. Hakupiga nyuso nyingi. Nimeziangalia picha hizo mara nyingi vitabuni, na kila mara naona watu ambao miili yao imekwisha kukubali kwamba hapa wanaweza kutulia, hata kama sheria haijakubali.

Nyumba ndizo zilizofuata. Soweto na vitongoji vingine vilikuwa vimefurika. Maghorofa ya katikati ya mji yalikuwa na vyumba vitupu kwa sababu Wazungu walihamia mitaa ya kaskazini. Wahindi, Machotara na Waafrika wakaanza kupanga humo kinyume cha sheria ya makazi ya mwaka 1950, mara nyingi kwa kutumia jina la Mzungu kwenye mkataba. Mwaka 1982, katika kesi ya mama mmoja aitwaye Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kwamba kumtia mtu hatiani chini ya sheria hiyo hakumaanishi afukuzwe papo hapo. Mahakama lazima iangalie kama ana pengine pa kwenda. Hukumu hiyo iliufungua mji. Pia iliwanufaisha wenye nyumba wakorofi, kwa sababu mpangaji asiye halali hawezi kulalamika: kodi ikapanda, lifti zikasimama, mabomba yakaziba, na watu wakabanana chumba kimoja familia mbili tatu. Tukifika kwenye uchakavu wa leo tukumbuke kwamba ulianza hapo, kwa uroho wa wenye majumba.

Ubaguzi haukuondoka bila kupiga teke la mwisho. Mwaka 1988 chama cha Makaburu wa msimamo mkali kilishika halmashauri ya Boksburg, mashariki ya Johannesburg, kikarudisha kibao cha Wazungu pekee kwenye ziwa la mji. Wateja weusi wakaususia mji. Maduka yakakosa wateja, wafanyabiashara wakalia. Sheria ya mwaka 1953 ikafutwa na Bunge, na kufikia Oktoba 1990 kila benchi la umma nchini Afrika Kusini lilikuwa, kisheria, la anayelihitaji.

Waliokuwa wameitunza bustani wakati wote huo, kwa maoni yangu, ni wapiga picha. Tangu miaka ya 1970 Joubert Park imekuwa na wapiga picha wa kulipwa, wenye kamera shingoni na albamu ya sampuli mkononi. Mwanzoni mwa karne hii walifika 40 hivi. Kila mmoja ana kituo chake, ambacho mwingine hakivamii: huyu karibu na chemchemi, yule chini ya mti fulani, mwingine kandokando ya maua. Wamo waliosimama palepale zaidi ya miaka 20. Wengine ni wazaliwa wa Limpopo na KwaZulu, wengine wametoka Zimbabwe na Msumbiji. Aliyewahi kwenda Uhuru Park ya Nairobi siku ya Krismasi anawajua watu wa kazi hii, na anajua jinsi wanavyokupanga: bega huku, mkono kiunoni, mtoto mbele, usicheke sana.

Mteja wao mkuu ni mgeni wa mji. Kijana amepata kibarua wiki ya kwanza, amenunua viatu, anataka mama yake kijijini aone. Dada wa kazi yuko mapumzikoni Jumapili. Wachumba wamekutana. Katika chumba anacholala kuna watu saba na kamba ya nguo. Bustanini kuna maua na maji. Picha inayotumwa nyumbani inasema nimefika, ninakula, msihofu. Inasema nusu ya ukweli, na nusu nyingine mtumaji anaivumilia peke yake.

Katika enzi ya filamu mteja alilipa kwanza sehemu ya bei, akarudi baada ya siku kadhaa kumalizia na kuchukua picha. Wengi hawakurudi. Mwaka 2004 msanii Terry Kurgan alifanya kazi pamoja na wapiga picha hawa, na miongoni mwa aliyoyafanya ni kununua kwao picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Zilikuwa nyingi, za miaka na miaka, zimehifadhiwa na wapiga picha kwa uaminifu wa ajabu, kwa sababu pengine mwenyewe angetokea. Mtu anayeishi kwa kibarua huhama bila kuaga. Fedha hukosekana. Polisi hukamata asiye na karatasi na kumrudisha mpakani. Hatima ya kila mmoja wa hao hatuijui, lakini nyuso zao zilibaki, wamevaa vizuri, mbele ya maua ya halmashauri. Ikiwa Johannesburg ina kumbukumbu ya kweli ya watu walioujenga upya baada ya ubaguzi, iko katika masanduku hayo kuliko katika picha za mafuta za Ulaya zilizo ng'ambo ya ukuta.

Simu zenye kamera zimeipunguza kazi hiyo sana. Haijafa, maana picha iliyochapishwa bado ina heshima yake na bado inatakiwa kwenye fomu na kuta. Pigo lingine lilikuwa Mei 2008, chuki dhidi ya wageni ilipolipuka katika kitongoji cha Alexandra na kuenea hadi katikati ya mji. Zaidi ya watu 60 waliuawa nchini kote, wakiwamo raia wa Afrika Kusini wenyewe. Bustani iliyowakataza weusi wote kwa miaka mingi ikajikuta katika mji ambamo mweusi anamuuliza mweusi mwenzake ametoka wapi. Kizazi kimoja nyuma, vijana wa nchi hiyo walisoma bure Mazimbu, Morogoro, katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, na hakuna Mtanzania aliyewauliza kwa nini wanakula mahindi yake. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu deni hilo halikuwahi kudaiwa, na halikustahili kusahauliwa.

Hali ya sasa niiseme bila kuipaka rangi. Upande wa kusini kuna kituo cha teksi cha Noord, kelele na msukumano kutwa, nyumba ya vioo ya mwaka 1906 imevunjikavunjika, taa hazitoshi, wizi upo, hasa jioni. Jumba la sanaa lenye kazi zipatazo 9,000, za Rodin na Picasso, na za Sekoto, limevuja miaka mingi, shaba ya paa ikiibwa kipande kwa kipande, na mwaka 2017 mvua kubwa ikalilazimisha kufungwa kwa muda. Watetezi wa halmashauri husema watumiaji wa bustani wameongezeka mara nyingi na bajeti haikuongezeka nao. Ni kweli, na ndiyo hasa lawama yangu. Wakati bustani ilipokuwa ya wachache wenye mashamba ya maua nyumbani kwao, ilitunzwa kama chumba cha wageni. Ilipokuwa ya maelfu wasio na hata kibaraza, matunzo yakapungua. Mwenye uhitaji mdogo alipata maua na mwenye uhitaji mkubwa akapewa uzio.

Pamoja na hayo, bustani ina uhai ambao Birkenhead ingeuonea wivu. Kuna ubao mkubwa wa sataranji uliochorwa chini, na wachezaji wanaosukuma vipande vinavyowafika magotini huku kundi la watazamaji likibishana kila hatua. Kuna wahubiri, wauza mahindi, mama wenye watoto. Jirani, katika Drill Hall ileile ya kesi ya uhaini, kikundi cha wasanii kilianzisha mwaka 2008 maktaba ya watoto iitwayo Keleketla.

Na matembezi yenyewe yapo, mazuri kuliko ya miji mingi inayojisifia kwa watalii. Anza Park Station asubuhi, uwe na mwenyeji, simu iwe mfukoni. Pita jumba la Lutyens, ingia bustanini, zunguka njia zake polepole. Tokea upande wa Mtaa wa Wolmarans uitazame kuba ya sinagogi la zamani, ambalo sasa ni kanisa la Kikristo lenye waumini Waafrika. Kisha panda kilima taratibu upande wa kaskazini magharibi, ukiwa na mnara wa Hillbrow, wenye mita 269, juu ya kichwa chako, hadi kwenye gereza la Old Fort walikofungwa Gandhi na Mandela kwa nyakati tofauti. Hapo ndipo Mahakama ya Katiba ilipojengwa na kufunguliwa mwaka 2004, kuta zake zikiwa na matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Mtu yeyote anaweza kuingia akaketi kusikiliza kesi.

Huku kwetu tusidhani tumekwisha salimika. Mwaka 1989 chama tawala cha Kenya kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ni Wangari Maathai, akitukanwa bungeni, aliyelizuia. Miaka miwili baadaye bustani ya Jeevanjee ilikaribia kugeuzwa maduka na maegesho, mpaka mjukuu wake, Zarina Patel, aliposimama na wananchi wakamuunga mkono. Maeneo ya wazi ya Dar es Salaam yanamegwa kila mwaka kwa vibali ambavyo mwananchi havioni. Kwa Johannesburg, kinachotakiwa si mradi mwingine wa kuwaondoa watu ili bustani ipendeze. Halmashauri ifunge taa, ikarabati vyoo na mabomba, iezeke upya jumba la sanaa, iweke vioo vipya kwenye nyumba ya mimea, na iajiri walinzi wanaolinda mlalahoi badala ya kumfukuza. Hayo yote ilijua kuyafanya mwaka 1906, kwa fedha zilizochimbwa na watu walewale ambao wajukuu wao ndio wanaoketi hapo leo.